Safu ya Ushauri: Safari ya Nchi Nne, Fedha ya Kitu Kimoja

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia nikiwa na tiketi mkononi na vurugu kichwani. Mwezi ujao ninaanza safari ya takriban wiki sita itakayonipitisha Istanbul kwa siku mbili, kisha Munich kwa mafunzo ya kikazi, na katikati ya mafunzo hayo nitapanda treni kwenda Zurich mwisho wa juma mmoja kumwona rafiki wa zamani. Baada ya hapo nitakwenda Chicago, ambako binti yangu wa kwanza anahitimu chuo kikuu. Sijawahi kupita nchi nyingi hivi kwa mkupuo mmoja, na kila ninayemwomba ushauri ananiongezea kitu cha kununua.

Mwanangu wa pili, ambaye ndiye tunayemtegemea nyumbani kwa mambo ya simu, anasema simu yangu ya Android yenye umri wa miaka minne imezeeka. Anataka nivumilie nayo hadi Chicago ili ninunue iPhone mpya huko, kwa kuwa ana hakika kwamba Marekani zinauzwa nafuu. Mwenzangu kazini, ambaye ni mpenda picha, anasisitiza kwamba fedha yote iende kwenye kamera kubwa yenye lenzi tatu, kwa sababu simu yoyote ile haitaona kitu ukumbini. Mhudumu wa kampuni ya simu ninayoitumia naye aliniambia nisihangaike na lolote, ninunue tu bando la kutumia laini yangu nikiwa nje, ila bei aliyonitajia ilinifanya niage haraka.

Fedha niliyotenga inatosha kitu kimoja cha maana, si vitatu. Laini yangu ndiyo inayopokea namba za uthibitisho kutoka benki, na ndiyo inayobeba WhatsApp ninayowasiliana nayo na familia na kazini. Ukumbi wa mahafali ni mkubwa, na tumearifiwa kwamba wazazi watakaa kiasi cha mita 40 kutoka jukwaani. Ninayoyaogopa ni mawili: kutangatanga katika mji nisioujua bila mtandao, na kurudi na picha ambayo uso wa binti yangu hautambuliki. Nianze na kipi?

Mama wa Mhitimu

JIBU

Mama,

Anza na namba yako ya simu, kabla ya simu yenyewe na kabla ya kamera. Katika barua yako yote, sentensi niliyoisoma mara mbili ni ile fupi inayohusu benki, ambayo wewe umeipitia kana kwamba ni jambo dogo. Msafiri aliyekosa mtandao kwa saa kadhaa huuliza njia na hufika. Msafiri ambaye hoteli imekataliwa malipo ya kadi yake, huku namba ya uthibitisho ikiwa imetumwa kwenye laini aliyoichomoa na kuiacha nyumbani, hana wa kumuuliza. Washauri wako watatu wamekueleza habari za vitu vinavyonunuliwa, na huenda ndiyo sababu hakuna hata mmoja aliyeligusa jambo hili, ambalo halihitaji kununua chochote.

Laini yako ikiwa nchi ya kigeni, mtandao wa huko huiuliza kampuni yako kama una ruhusa ya kuhudumiwa, na kampuni yako ndiyo inayokubali na kukutoza. Ruhusa hiyo, ambayo wengi huiita romingi, katika kampuni nyingi haiwi wazi yenyewe, na mara nyingi ni vigumu kuifungulia ukiwa umeshaondoka, kwa sababu maombi yenyewe hutaka uthibitisho kwa laini ambayo tayari haina mtandao. Kwa hiyo nenda kwa yule mhudumu tena, lakini usiende kununua bando lake. Mwombe afungue romingi kwa laini yako, kisha umuulize mambo manne: kupokea ujumbe mfupi kunatozwa au ni bure katika kila moja ya nchi zako nne; kupokea simu kunatozwa kiasi gani kwa dakika; kiwango cha chini cha salio kinachotakiwa ni kipi; na laini isipotumika kupiga simu kwa muda gani hufungwa. Katika kampuni nyingi kupokea ujumbe mfupi hakulipiwi na kupokea simu hulipiwa, ila usiondoke kwa kudhani. Mwombe pia azime uhamishaji wa simu kwenda kwenye kisanduku cha sauti, kwa maana ukiwa nje simu usiyoipokea inaweza kusafiri kuja kwako na kurudi nyumbani, nawe ukatozwa safari zote mbili bila kusikia hata neno moja.

Benki nayo iulize kama unaweza kuthibitisha malipo ndani ya programu yao badala ya kwa ujumbe mfupi. Ikiwezekana, badili sasa na ufanye malipo mawili matatu ya majaribio ukiwa bado nyumbani. Kuhusu WhatsApp usiwe na hofu, kwa sababu imeshikamana na namba uliyoiandikisha na haijali ni laini gani inayoleta data. Simu itakapotambua laini mpya na kukuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa. Ongeza ile namba ya siri ya hatua ya pili katika mipangilio ya programu hiyo, kwa kuwa simu ikiibwa, mwizi mwenye laini yako ndiye atakayepokea msimbo wa kuifungua akaunti.

Baada ya namba kuwa salama, data ni jambo rahisi. Bonyeza *#06# kwenye simu yako. Utaona IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ikiwa chini yake kuna namba ndefu inayoitwa EID, basi simu ina uwezo wa eSIM, yaani laini isiyo na kadi ambayo husakinishwa kwa kupiga picha msimbo wa QR. Ukiwa nayo, laini yako ya kadi itabaki mahali pake ikipokea ujumbe wa benki, na eSIM ya safari itabeba data. Mpangilio huu ndio ninaoupendekeza kwa mtu yeyote anayepita nchi zaidi ya moja. Simu isiyo na EID lakini yenye nafasi mbili za kadi inaweza kufanya kazi ileile kwa kadi za kununua njiani. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha simu haijafungwa kwenye mtandao mmoja, na njia fupi ya kujua ni kuazima laini ya kampuni nyingine na kuiingiza. Ikishika mtandao, simu iko huru.

Nunua na usakinishe eSIM ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi nzuri, si uwanja wa ndege. Hili ni muhimu zaidi kwa kuwa kituo chako cha kwanza ni Istanbul: mnamo Julai 2025 Uturuki ilifunga tovuti na programu za wauzaji kadhaa wa kigeni wa eSIM, na aliyesubiri kununua akiwa tayari yuko huko alijikuta hawezi kuufikia ukurasa wa malipo. Angalia kama siku za bando zinaanza kuhesabiwa unaposakinisha au unaposhika mtandao kwa mara ya kwanza, maana wauzaji hutofautiana. Ukishaisakinisha usiifute kwa kujaribu kurekebisha jambo, kwa kuwa misimbo mingi ya QR hutumika mara moja tu. Utasikia pia kwamba Uturuki huzima simu za kigeni. Ni kweli, lakini sheria hiyo ya kusajili simu huwahusu wanaoitumia huko kwa laini ya Kituruki zaidi ya siku 120, na wewe unapita tu.

Mtego ulio kwenye ramani yako ni Zurich. Tangu tarehe 15 Juni 2017 laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za Umoja huo bila gharama ya ziada, na mwaka 2022 utaratibu huo uliongezewa muda hadi 2032. Norwe, Iceland na Liechtenstein zimo ingawa si wanachama. Uswisi haimo. Mtu hupanda treni Munich akiwa na laini ya Kijerumani, husinzia, na anapoamka simu imeshahamia mtandao wa Uswisi kwa bei nyingine kabisa. Bando la eSIM linaloitwa la Ulaya linaweza kuijumuisha Uswisi au kuiacha, na ni vivyo hivyo kwa Uturuki. Usiliamini jina la bando, fungua orodha ya nchi na uzitafute hizo mbili moja moja. Ukilipata linalozibeba Uturuki, Ujerumani na Uswisi pamoja, chukua hilo, kisha ununue la Marekani peke yake. Unaweza pia kununua laini ya kawaida Munich, ambayo mara nyingi hutoa data nyingi zaidi kwa fedha ileile, lakini uwe na pasipoti mkononi na subira, kwa sababu tangu Julai 2017 Ujerumani haifungulii laini ya malipo ya kabla bila kuthibitisha kitambulisho cha mnunuzi. Kwa muda mfupi wa mafunzo, mimi nisingesumbuka.

Usivutiwe na maneno “bila kikomo”. Mabando mengi ya aina hiyo hupunguza kasi baada ya kiasi fulani kwa siku, na mengine hayaruhusu kugawia kompyuta mtandao kwa hotispoti, jambo utakalolihitaji mafunzoni. Ramani na ujumbe hutumia data kidogo mno. Kinacholimaliza bando ni video, na hasa ile kazi ya kimyakimya ya simu kupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Iwekee sharti la kusubiri Wi-Fi, upakue ramani za miji yako yote kabla ya kuondoka, na bando la kawaida litakutosha.

Siku ya safari, kabla ndege haijatua, zima data ya romingi ya laini ya nyumbani na uchague eSIM kuwa laini ya data. Simu nyingi zina pia swichi inayoiruhusu simu kuhamia yenyewe kwenye data ya laini ya pili mtandao unapodhoofika. Hiyo nayo izime, kwa kuwa ndiyo inayowaletea deni watu wanaoapa kwamba walifunga kila kitu. Usishangae tovuti zikikuhisi uko nchi ambayo hujawahi kuikanyaga, maana data ya eSIM nyingi za safari hupitishwa kwenye mitambo ya nchi ya tatu. Ikitokea programu ya benki inatilia shaka jambo hilo, tumia Wi-Fi ya hoteli kwa dakika hizo chache.

Sasa nije kwa mwanao. Anayo haki ya kuuliza kama simu ya miaka minne itafaa, ila umri wenyewe hausemi mengi. Marekani mitandao yote mikubwa ilizima 3G kufikia mwisho wa 2022, na Ujerumani iliizima mwaka 2021. Kwa hiyo simu lazima iwe na 4G inayoelewana na bendi za huko, yaani masafa ya redio ya mitandao yao, na iweze kupiga simu za sauti juu ya 4G, uwezo unaoitwa VoLTE. Tafuta jina kamili la modeli yako katika mipangilio, ufungue ukurasa wa mtengenezaji na uangalie bendi. Kwa Ulaya, bendi za 3, 7 na 20 ndizo za kutafuta kwanza, na kwa Marekani ni 2, 4, 12, 13 na 66. Ukikosa baadhi ya zile za Marekani, simu bado itafanya kazi mjini, ila ndani ya majengo makubwa na nje ya mji itakuangusha. Mtandao wa AT&T huenda mbali zaidi na una orodha ya simu unazozikubali, kwa hiyo soma eSIM yako inatumia mtandao upi kabla ya kuinunua. Ikipita vipimo hivi, na mtengenezaji akiwa bado anatuma masasisho ya usalama, simu yako haijazeeka. Kilichozeeka kwa miaka minne ni betri, na betri hubadilishwa kwa sehemu ndogo ya bei ya simu mpya.

Ushauri wa kununua iPhone Chicago ndio ninaoupinga kwa nguvu, na sababu yangu haihusu bei. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, iPhone zinazouzwa Marekani hazina kabisa nafasi ya kuingiza kadi ya laini, na iPhone Air ya mwaka 2025 haina nafasi hiyo popote inapouzwa. Ukinunua huko, kadi uliyonayo haitakuwa na mahali pa kuingia, na kuihamishia kwenye eSIM kutategemea kama kampuni yako inatoa huduma hiyo na kama inaitoa bila kukutaka ufike ofisini ana kwa ana. Ungekuwa na simu mpya nzuri na namba ya benki ikiwa imekaa ndani ya kipande cha plastiki. Isitoshe, simu za bei ya kuvutia kule mara nyingi zimefungwa kwenye mtandao wa muuzaji hadi masharti fulani yatimie. Mwambie mwanao ulizo lake ni zuri, ila simu mpya isubiri urudi.

Kuhusu umeme nitasema machache. Angalia maandishi madogo kwenye chaja: ikisomeka 100–240V, itafanya kazi kote unakokwenda, na utahitaji adapta za plagi tu. Uturuki na Ujerumani hutumia plagi ya vijiti viwili vya duara. Uswisi ina soketi yake yenyewe, inayopokea plagi nyembamba ya Ulaya lakini si ile nene ya Kijerumani. Marekani ni vijiti viwili bapa na volti 120, kwa hiyo pasi au kikausha nywele cha volti 230 uviache nyumbani. Betri za akiba na pawabenki hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku la mizigo, na kikomo cha kawaida bila idhini ya shirika la ndege ni saa-wati 100. Pawabenki ya mAh 20,000 ina takriban saa-wati 74, kwa hiyo inapita. Soma masharti ya shirika lako hata hivyo, kwani tangu 2025 mashirika kadhaa, Emirates likiwamo, yamepiga marufuku kuitumia ndani ya ndege. Kwa safari ya kwenda Marekani hakikisha vifaa vyote vina chaji, kwa sababu wakaguzi wana haki ya kukutaka uviwashe.

Tumebaki na kamera, na hapa mwenzako wa kazini amesema kweli nusu. Ni kweli kwamba simu itashindwa ukumbini. Kamera kuu ya simu nyingi ina upana wa lenzi ya milimita 24 hivi kwa vipimo vya kamera za fremu kamili, zile kubwa za wapiga picha; milimita zikizidi, lenzi huvuta karibu zaidi. Ukiishika wima ukiwa mita 40 kutoka jukwaani, picha itachukua urefu wa mita 60, kwa hiyo binti yako mwenye urefu wa mita moja na sehemu saba atakuwa kama punje ya mchele kwenye sinia. Simu ghali yenye kuvuta mara tano hufika milimita 120, na hapo picha inachukua mita 12, naye anakuwa sehemu moja kwa saba ya urefu wake. Baya zaidi ni kwamba kihisi cha mwanga cha ile kamera ya kuvutia mbali ni kidogo kuliko cha kamera kuu, na mwanga ukipungua simu nyingi huiacha bila kukuambia, zikakata kipande cha picha ya kamera kuu na kukikuza. Uso unaoogopa kuukosa hupotea hapo.

Lakini dawa yake, kamera kubwa ya lenzi tatu, ni mzigo wa wiki sita kwa tukio la dakika chache. Lenzi moja tu ya milimita 70–200 yenye tundu la mwanga la f/2.8 (namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi) ina uzito wa kilo moja au zaidi, kabla hujaifunga kwenye kamera. Utaibeba Istanbul ukiihofia, utaiacha hotelini Munich ukiihofia zaidi, na ukifika Chicago huenda ukakuta jambo lililo baya kuliko uzito, nalo ni kwamba kumbi na viwanja vingi vikubwa vya Marekani haviruhusu watazamaji kuingia na kamera zenye lenzi za kubadilisha, kwa kuzihesabu kuwa vifaa vya kazi. Kwa hiyo jambo la kufanya wiki hii ni kumwomba binti yako aulize chuoni au asome masharti ya ukumbi: kamera za aina gani zinaruhusiwa, mkoba wa ukubwa gani, na kama flashi na stendi zimekatazwa. Jibu hilo lipate kabla ya kutoa fedha.

Kwa haki, kamera hiyo kubwa ina faida ambayo siwezi kuifuta. Kihisi cha fremu kamili ni milimita 36 kwa 24, na eneo lake ni zaidi ya mara saba ya kile kiitwacho cha inchi moja, chenye milimita 13.2 kwa 8.8. Kwenye mwanga hafifu tofauti hiyo huonekana kama punje na rangi zilizochafuka. Hata hivyo, kwenye mahafali giza liko kwenye viti na jukwaa huwashwa taa, na unayempiga picha yuko jukwaani. Ndiyo sababu, kwa hali yako na fedha yako, naichagua kamera ndogo ya mfukoni yenye kihisi cha inchi moja na lenzi isiyobadilishwa inayovuta mbali. Sony RX100 VII ya mwaka 2019, au ile ya VI iliyoitangulia, hufika milimita 200 ikiwa na tundu la f/4.5 na uzito wa takriban gramu 300. Panasonic TZ200 ya mwaka 2018 hufika milimita 360, lakini huko mwisho tundu lake ni f/6.4, yaani hupokea nusu ya mwanga ambao Sony hupokea kwenye mwisho wake. Kwa milimita 200 binti yako atachukua karibu robo ya urefu wa picha kutoka mita 40, na picha hiyo inakubali kukatwa kidogo hadi uso uonekane vizuri. Kwa milimita 360 atachukua zaidi ya theluthi moja, kwa mwanga mdogo zaidi. Mimi ningechukua Sony, kwa sababu picha ndogo iliyo safi hukuzwa, na picha kubwa iliyotikisika haina tiba. Zote mbili hupatikana zikiwa zimetumika, na kamera ya aina hii iliyotunzwa vizuri sina tatizo nayo.

Sony RX10 IV hufika milimita 600 kwa f/4, na kwa umbali wako hicho ndicho chombo hasa. Ina uzito wa zaidi ya kilo moja, lakini lenzi yake haibadilishwi, kwa hiyo baadhi ya kumbi huikubali. Kama binti yako anaweza kukukodia Chicago kwa siku mbili, kwa kitambulisho na dhamana ya kadi, hilo lingekuwa jibu zuri kuliko kununua chochote, nawe ungesafiri na simu peke yake. Mwombe aulize hilo pia.

Ukinunua, nunua mapema, uizoee kamera kabla ya safari. Weka kasi ya shata 1/250 ya sekunde ili mtu anayetembea asififie, acha ISO, yaani usikivu wa kihisi kwa mwanga, ijipange yenyewe ikiwa na kikomo cha 3200, zima flashi, ambayo haifiki mita 40 kwa vyovyote vile, na uchague kupiga picha mfululizo. Wakati mhitimu mwingine anapita jukwaani kabla ya binti yako, piga picha zake na uzitazame, maana taa ni zilezile na njia atakayopita ni ileile, na bado utakuwa na muda wa kurekebisha. Dakika ya kupeana mkono piga picha, usirekodi video. Video waachie chuo, ambacho mara nyingi hurekodi sherehe yote. Chukua kadi mbili za kumbukumbu za ukubwa wa kati zenye alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kuandika, badala ya moja kubwa, na kisoma-kadi cha USB-C ili kila jioni unakili picha kwenye simu, kisha ukiwa kwenye Wi-Fi uzipandishe hifadhi ya mtandaoni. Kumbuka pia kubadilisha saa ya kamera kila unapovuka nchi, la sivyo picha zake na za simu hazitapangika pamoja.

Hesabu yako basi inakuwa hivi: betri mpya ya simu, eSIM mbili, na kamera ndogo iliyotumika au ya kukodi. Ukiinunua, dai stakabadhi yenye namba ya kamera, hata muuzaji akiwa mtu binafsi anayekuandikia kwa mkono, na uipige picha uihifadhi. Afisa wa forodha akitaka kujua siku ya kurudi kama kamera hiyo umeinunua nje, karatasi hiyo ndiyo itakayokujibia, na ikipotea njiani, bima ya safari haitakusikiliza bila hiyo.

Mshauri wako